Leva ya gia kwenye gari la kujiundia (mashine ya MX-5): nikate, ninyanyue mhimili, au ninunue seti?

#1 Chuma_Baridi

Wakuu, habari za majukumu. Naandika kutoka Coventry, Uingereza. Nina gari la kujiundia, mtindo wa Lotus Seven: fremu ya mabomba ya mraba, bodi ya bati la alumini, viti viwili, mlango hakuna, paa hakuna. Mashine yote imetoka kwenye Mazda MX-5 ya 1999 niliyoichinja: injini ya 1.8, gia boksi ya gia 5, difu, hadi habu za magurudumu.

Kwa wageni wa mambo haya: Lotus Seven ya Colin Chapman ilianza 1957, na ilikuwa ikiuzwa vipande vipande ukaunge mwenyewe nyumbani. Sababu ilikuwa kodi. Gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande havikutozwa. Ilipoingia VAT mwaka 1973 ujanja huo ukaisha, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kulitengeneza. Kodi iliondoka ila ugonjwa wa kujiundia ulibaki, na ndio ulionishika mimi.

Sasa shida yangu. Leva ya MX-5 ilipimwa kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida. Mimi nimekaa karibu na sakafu, handaki la gia limebana paja, na kichwa cha gia kiko juu kiasi kwamba nikiingiza namba tatu vifundo vya vidole vinagonga chini ya dashibodi. Juu ya hapo, leva inacheza kama kijiko kwenye glasi tupu.

Naona njia tatu: kuikata leva juu, kunyanyua mhimili (pale leva inapogeukia) na kurefusha mguu wa chini, au kununua seti nzima ya shoti shifta (leva ya safari fupi) ya dukani, ambayo bei yake si ya mchezo. Waliowahi kushika hivi vitu naomba mwongozo.

#2 Ngoja_Waje

Natia nanga hapa. Gari langu ni oto ila uzi umenoga.

#3 Gia_Sita

Mkuu hilo halina mjadala, nunua shoti shifta. Gia zinaingia tak tak tak. Magari mengi ya mashindano yana leva fupi, wale si wajinga.

#4 Mzee_wa_Gerezani

Kijana, kabla hujashika msumeno nijibu mambo matatu.

Injini ikiwa imezimwa, gia zote zinaingia laini? Ikiwa inanguruma je? Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa halafu zikagoma ikiwaka, usiilaumu leva. Hapo klachi haiachii sawasawa: kuna hewa kwenye bomba la majimaji, au silinda ya chini inavuja. MX-5 za zamani silinda hiyo inajulikana kwa kuvuja.

La pili, gari likiwa kwenye gia, ukiitikisa leva inacheza kiasi gani pale juu?

La tatu, mkia wa gia boksi umeukalisha juu ya nini? MX-5 ina ile fremu ndefu ya alumini inayoishika gia boksi na difu kuwa kitu kimoja. Wengi wanaounda Seven huitoa. Ukishaitoa, gia boksi inahitaji maunti yake ya nyuma na difu yake pia. Maunti ikiwa laini, ukikanyaga mafuta injini inajipinda na leva inakwenda nayo. Utanunua leva ya dhahabu na bado utaiona inacheza ngoma.

Urefu ni jambo moja, ulegevu ni jambo jingine. Watu wanatibu la kwanza wakati wanaumwa la pili.

#5 Chuma_Baridi

Shikamoo mzee wangu. Majibu:

Injini imezimwa, zote laini. Ikiwaka, laini pia, isipokuwa namba mbili asubuhi ya baridi kali, inagoma kidogo mpaka gia boksi ipate moto.

Mchezo ni upana wa vidole viwili pale kwenye kichwa cha gia, gari likiwa namba tatu.

Mkia: fremu ya alumini nimeitoa, gia boksi imekaa kwenye maunti ya mpira iliyofungwa kwenye bomba la chasisi. Nimefanya jaribio dogo: gari free, mwenzangu anakanyaga mafuta kwa kushtukiza, mimi naangalia leva na ukingo wa handaki. Inasogea kidogo sana. Nadhani huko tuko salama.

#6 Mzee_wa_Gerezani

Marahaba. Basi vidole viwili hivyo viko kwenye plastiki.

Gia boksi hiyo leva inazama moja kwa moja juu yake, haina fimbo za kuzunguka. Fungua mpira wa juu, chini yake kuna kisahani kimefungwa kwa bolti tatu. Toa hizo, leva inatoka yote. Utakuta gololi katikati, hiyo ndiyo mhimili, nayo imevishwa ganda la nailoni. Kuna washa yenye mawimbi inayoikandamiza isicheze. Kwenye ncha ya chini kuna kikombe kidogo cha nailoni kinachoingia kwenye tundu la fimbo ya kuchagulia gia. Gari la umri huo, kikombe kimeisha au kimepasuka. Ni kitu cha bei ya soda, lakini ulegevu wa milimita moja huko chini leva inauzidisha juu mara nne au tano.

Halafu kuna kimpira cha ndani, kidogo, kinachoshika leva juu ya tareti, yaani kile kisima cha juu ya gia boksi ambamo leva inazama. Kikichanika, joto na harufu ya oili vinapanda. Kwenye gari lako lisilo na zulia utalijua hilo mguuni.

Tareti yenyewe ina oili yake, haichangii na gia boksi. Kama mililita 90 hivi. Mafundi wengi hawajui, wanabadilisha oili ya chini miaka na miaka, ya juu imekuwa lami.

#7 Kisauni_Moja

Hapo mzee umesema. Lakini ndugu zangu wenye Subaru msije mkafungua kwa juu mkitafuta gololi ndani ya gia boksi. Sisi leva iko mbali, inavuta gia boksi kwa fimbo moja, na kuna fimbo ya pili ya kushikilia tu ili injini ikijitikisa leva isitoroke. Bushi ziko kwenye maungio ya fimbo hizo, unalala chini ya gari kuzifikia. Hapa Mombasa Forester na Impreza za manyuali nyingi zina leva inayopepea, na mwenyewe atakuapia gia boksi imekufa. Bushi tu bwana.

#8 Binti_Altezza

Chuma_Baridi, gari lako na langu ni majirani. Toyota Altezza ya gia 6 na MX-5 za gia 6 za enzi za lako gia boksi zake ni za familia moja ya Aisin. Yako ya gia 5 ni ya Mazda wenyewe, ila leva nazo zinazama juu vile vile.

Nimetumia shoti shifta ya dukani, nitasema ukweli wangu. Wiki ya kwanza raha. Baadaye nikaona mkono unachoka kwenye foleni ya Mwenge, gia nzito. Halafu namba mbili ikaanza kukwaruza ikiwa baridi. Kuja kuchunguza, gereji iliyofanya kazi ilijaza oili ya GL-5 kwa sababu "ni kali zaidi". Kurudisha GL-4, mkwaruzo ukapungua sana, ila uzito ukabaki pale pale. Nikaitoa, nikarudisha leva ya kiwandani na bushi mpya. Sijaikumbuka.

#9 Gia_Sita

Dada na heshima zako, hiyo ni oili, shoti shifta inaonewa. Na GL-5 ni daraja la juu kuliko GL-4, iweje iharibu?

#10 Mzee_wa_Gerezani

Namba kubwa haimaanishi inafaa kila mahali. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, pale meno yanaposuguana kwa kuteleza na mgandamizo ni mkubwa. Ina dawa nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Pete za sinkro kwenye gia boksi nyingi za umri huo ni za shaba ya njano, na kuna dawa za GL-5 zinazoila shaba hiyo polepole. Pia pete inafanya kazi kwa kung'ata. Ukiipaka kitu cha kuitelezesha, itang'ata nini?

Na hapa ndipo shoti shifta inapoeleweka vibaya, nisikilize Gia_Sita. Ukiingiza namba mbili, kitu cha kwanza kutokea ni pete kusuguana na koni ya gia mpaka mizunguko ya pande mbili ilingane. Ikilingana ndipo kola inaruhusiwa kupita na meno yanashikana. Muda huo ni wa pete na oili, leva haina mamlaka nao. Leva fupi inakufikisha kwenye pete haraka zaidi, basi. Tena kwa nguvu ile ile ya mkono, pete inasukumwa kwa nguvu ndogo kuliko kwenye leva ndefu, kwa hiyo inachelewa kulinganisha. Mkono unahisi kizuizi, dereva anaongeza nguvu, anabamiza. Kinacholika ni pete.

Magari ya mashindano mengi gia boksi zake hazina sinkro kabisa, ni meno makubwa ya kubamizana, na zinafunguliwa na kukaguliwa kila wakati. Usilinganishe na gari la kwenda kazini.

#11 Muscat_Mpemba

Asalaam alaykum. Huku Omani tuna Land Cruiser za manyuali, leva ndefu kama fimbo ya mchungaji na hakuna anayelalamika. Gia nzito, leva ndefu, mkono mwepesi. Wajapani waliliwaza hilo.

Swali langu dogo pembeni: Hilux ya mzee nyumbani Pemba leva imelegea mpaka hujui uko namba tatu au tano. Ni kikombe hicho hicho?

#12 Mzee_wa_Gerezani

Waalaykum salaam. Ni ndugu yake. Hilux zile leva inakaa kwenye kiti cha plastiki nyeupe, kinapasuka na kuondoka vipande. Kitafute kipya kwanza, tena usikubali cha kuchongwa kwa ubao wa nailoni kabla hujakikosa cha kawaida, maana kinapatikana. Hakikisha vipande vya zamani vyote vimetoka.

#13 Chuma_Baridi

Wakuu nimefungua. Mzee ni kama alikuwa amelala ndani ya tareti.

Kikombe cha ncha ya chini kimegeuka rangi ya chai na kimepasuka upande mmoja, kingo zimelika mpaka leva ilikuwa inagusa chuma kwa chuma. Ncha imeng'aa sehemu moja. Kipande kimoja hakikutoka na leva, kilibaki ndani ya oili. Sumaku haisaidii, ni nailoni. Nimefyonza oili kwa bomba la sindano, nyeusi na nzito, halafu nikakiokota kwa kibanio kirefu. Kimpira cha ndani kimechanika mduara karibu wote.

Leva ikiwa mezani nimepima. Kutoka katikati ya gololi hadi juu ya kichwa cha gia ni milimita 240. Kutoka gololi hadi ncha ya chini ni 48. Uwiano ni 5 kwa 1. Kutoka namba moja hadi namba mbili mkono ulikuwa unasafiri kama milimita 100, maana yake fimbo ndani inasogea 20.

Sasa hesabu, nisahihisheni:

Nikikata juu milimita 40, inakuwa 200 kwa 48, yaani kama 4.2. Safari inashuka hadi 83 hivi. Nguvu inapanda kwa asilimia 20.

Nikinyanyua mhimili milimita 12 bila kukata, juu inabaki 228 na chini inakuwa 60. Uwiano 3.8, safari 76, nguvu asilimia 32 zaidi.

Nikifanya yote mawili, 188 kwa 60, uwiano 3.1, safari kama 63. Nguvu mara 1.6 ya mwanzo.

Ninavyoona, kukata peke yake kunanipa zaidi ya nusu ya kile ambacho kunyanyua mhimili kungenipa, na kichwa cha gia kinashuka mbali na dashibodi, ambacho ndicho kilichonileta hapa. Kunyanyua mhimili hakushushi kichwa cha gia hata kidogo.

#14 Binti_Altezza

Hesabu imenyooka. Na hiyo mara 1.6 iweke kwenye asubuhi ya Januari ya huko kwenu na namba mbili inayogoma. Utaenda kazini na namba moja.

#15 Gia_Sita

Sawa, pale kwenye kichwa cha gia kubaki juu sikuwahi kupafikiria. Lakini kukata leva si ni kupoteza nyuzi za kufungia kichwa?

#16 Chuma_Baridi

Zinapotea, unakata nyingine. Mazda ni M10 hatua 1.25. Nina dai yake, kile kifaa cha kukatia nyuzi. Za Toyota ni M12 hatua 1.25, ndiyo maana vichwa vya gia vya Altezza haviingii kwenye Mazda bila kiunganishi.

Nimefikiria pia kuipinda kidogo kuja upande wangu, kama digrii chache tu, maana handaki linanifanya nikunje kiwiko.

#17 Mzee_wa_Gerezani

Pinda baridi, kwenye vaisi, kwa bomba refu, taratibu. Ukitaka kutumia moto, toa nailoni na mipira yote kwanza, na chunguza kama leva ina mpira katikati ya bomba. Leva nyingi za kiwandani zina mpira huo ndani wa kuzuia mtetemo, ukiuchoma leva inalegea moja kwa moja.

Shikilia vaisi juu ya gololi, usiibane gololi yenyewe. Mkwaruzo mdogo pale unakula ganda jipya. Na ukimaliza kupinda, ingiza gia zote ukiwa umekaa kitini, mkanda umefungwa, pamoja na rivasi. Kipimo cha mezani hakijui paja lako liko wapi. Angalia pia kizuizi cha rivasi bado kinafanya kazi yake, usije ukaikuta ukitoka namba tano kurudi nne.

#18 Kisauni_Moja

Na kichwa cha gia je? Kuna vile vizito vya chuma, wanasema vinavuta gia ndani vyenyewe.

#19 Binti_Altezza

Vizito vinasaidia, uzito unaendeleza mwendo wa mkono, gia inaingia kwa ulaini zaidi. Lakini acha gari juani Kariakoo saa nane mchana halafu urudi ushike chuma hicho. Mimi nimefunga cha ngozi.

#20 Chuma_Baridi

Hapa jua si tatizo, tatizo ni mvua. Gari halina paa, kwa hiyo chuma kikilowa kinateleza. Nimechukua cha plastiki ngumu, cha mviringo. Mviringo kwa sababu nyingine pia: gari la kujiundia huku halipati namba mpaka lipite ukaguzi wa IVA (wa kuidhinisha gari moja moja), na mkaguzi anapitisha mkono na macho kwenye kila kitu kilicho ndani kinachoweza kumjeruhi mtu. Ncha kali wanakurudisha nazo nyumbani.

#21 Chuma_Baridi

Mrejesho, wakuu.

Kikombe kipya, ganda jipya la gololi, washa mpya, kimpira cha ndani kipya. Tareti nimeisafisha na kujaza 75W-90 ya GL-4, na gia boksi yenyewe nimeibadilisha oili hiyo hiyo. Nilifunga hivyo kwanza, leva ikiwa na urefu wake wa zamani, nikaendesha. Mchezo wa vidole viwili umebaki wa milimita chache. Namba mbili ya asubuhi bado inasitasita lakini haigomi.

Ndipo nikakata. Milimita 40, nyuzi mpya, nikaipinda kuja kulia kwangu kidogo. Mkono ukitoka kwenye usukani unakutana na kichwa cha gia bila kukitafuta, na dashibodi haiguswi. Uzito umeongezeka, unausikia hasa namba moja kwenda mbili, ila ni wa kuvumilika. Mhimili nimeuacha ulipo.

Seti ya dukani sijanunua.

#22 Ngoja_Waje

Nimesoma uzi wote na gari langu ni oto. Sasa natamani manyuali.

#23 Gia_Sita

Mkuu swali la mwisho. Ule mpira mkubwa wa juu wa MX-5 umeubakisha? Kwenye handaki la bati si utakuwa hauna pa kukaa?

#24 Chuma_Baridi

Haukai, na handaki langu liko juu kuliko la MX-5. Nimekata bamba la alumini la milimita 2, nikatoboa tundu la duara katikati, nikaubana mpira kati ya bamba na handaki kwa skrubu nne. Juu yake nimeshonea mfuko wa ngozi. Acha tundu pana kidogo upande wa rivasi, leva inaegemea mbali zaidi kule kuliko unavyodhani ukiwa umesimama nje ya gari. Na mfuko wa ngozi ushonwe ukiwa umelegea: ukivutika tu unairudisha leva katikati, na utaanza tena kutafuta kosa kwenye gia boksi.